Uzi: Pramu, strola, bagi, pushichea… kwa Kiswahili vyote ni "kigari cha mtoto" tu?

Mtafsiri wa Usiku

Wakuu, habari za muda huu.

Nimepewa kazi ya kutafsiri kijitabu cha maelekezo ya vyombo vya magurudumu vya kubebea watoto. Kurasa 40. Nikajisemea hii ni ya jioni mbili, nakaa, namaliza. Leo ni jioni ya tano na niko ukurasa wa 9.

Kinachonikwamisha ni majina. Ukurasa mmoja una pram, pushchair, stroller, buggy na carrycot, na mwandishi hakuyabadilisha ili asijirudie. Kila moja kalipa kitu chake. Mimi kote huko nimeandika "kigari cha mtoto". Basi ile sentensi ya onyo, wanayoiandika kwa wino mzito, imetoka hivi: "Usimweke mtoto wa chini ya miezi 6 kwenye kigari cha mtoto. Tumia kigari cha mtoto."

Nilimsomea mke wangu. Alicheka mpaka akamwamsha mtoto, na mtoto alikuwa amelala wapi? Kwenye hicho hicho.

Kamusi nimefungua, zinanirudisha pale pale. Sasa nawauliza nyie mnaovisukuma: mnaviitaje, na vinatofautiana nini hasa? Mwageni yote, msinionee huruma.

MamaPacha

Pole kaka. Tofauti ipo, na mimi nimeilipia.

Mimba ya kwanza niliagiza mtandaoni kitu kimeandikwa "pram". Akilini mwangu ni kile cha kulaza, chenye beseni refu kama susu na paa la kukunja. Nafungua boksi, nakuta kiti. Tena kiti kimekaa wima, mgongo unaegama kidogo tu kisha unagoma. Mtoto wa siku kumi umweke pale? Nikamwandikia muuzaji, akanijibu kwa upole kabisa kwamba kwao hiyo ndiyo pram. Nilipokuja kuuliza nikakuta hakunidanganya. Waaustralia, kwa mfano, wanaweza kuita pram kitu chochote cha mtoto chenye magurudumu, awe amelala au amekaa.

Kikakaa nyuma ya mlango miezi sita, kazi yake kutundikiwa mikoba.

Tangu hapo jina nimeliacha. Nauliza swali moja: mtoto analala au anakaa? Ukishajibiwa hilo, nusu ya majina yako yanajipanga yenyewe. Cha kulala, beseni lake bapa, mtoto chali anakutazama wewe unayesukuma, ndicho pram ya Mwingereza, na Mmarekani anakiita baby carriage. Cha kukaa, chenye kiti na mikanda na kibao cha kuwekea miguu, Mwingereza anakiita pushchair, Mmarekani stroller. Buggy kwa Waingereza kilikuwa kile chepesi cha kukunja, ingawa siku hizi wengine wanakiita hivyo chochote kile (na Wamarekani nao wana buggy yao, ndiyo maana nasema achana na majina). Carrycot hata si kigari. Ni lile beseni lenyewe ukilichomoa kwenye fremu, lina mpini, unaingia nalo ndani na mtoto hajui kama mmefika.

Mwana wa Toroli

Mimi naita kitoroli na maisha yanaenda.

Babu wa Kamusi

Mwana wa Toroli, toroli inabeba mchanga na saruji. Mheshimu mtoto.

Mtafsiri, usijilaumu. Hata hao wenye majina matano walianza na la kuazima. Pram ni kifupi cha perambulator, na hilo limechotwa kwenye Kilatini, per na ambulare, yaani kutembea ukipita huku na huko. Kwa asili perambulator ni mtembeaji mwenyewe. Wapima ardhi walilitumia kabla ya wazazi: waliliita hivyo gurudumu moja lenye mpini, mpimaji analisukuma njiani nalo linahesabu umbali. Baadaye ndipo likahamia kwa watoto, na mwaka 1853 Charles Burton akaandikisha hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kigari cha kusukuma nchini Uingereza.

Shikeni hilo neno, kusukuma. Miaka mia na zaidi kabla ya hapo, mwaka 1733 hivi, William Kent, msanifu wa majengo na bustani, alitengeneza kigari chenye umbo la kombe la baharini kwa ajili ya watoto wa Duke wa tatu wa Devonshire. Kile kilifungiwa lijamu na hatamu, kikokotwe na mbuzi au mnyama mwingine mdogo. Huo sasa ulikuwa mkokoteni wa haki, maana ulikokotwa. Sisi wetu tunausukuma mchana kutwa na bado tunauita mkokoteni, sijasikia aliyelalamika.

Angalia na wengine walivyojitoa. Mjerumani kasema Kinderwagen, gari la watoto, akaenda kulala. Mfaransa ana mawili. Cha kulala ni landau, jina la gari la farasi lenye paa la kukunjwa, nalo lilipewa jina la mji wa Landau kule Ujerumani. Cha kukaa ni poussette, limetoka kwenye kitenzi chao cha kusukuma. Mwitaliano vivyo hivyo: carrozzina, gari la farasi lililofanywa dogo, na passeggino, kutoka neno la matembezi. Mdenmark ana barnevogn, gari la mtoto, na klapvogn, gari la kukunja. Mrusi anasema kolyaska, na kolyaska hiyo hiyo ni kiti cha magurudumu cha asiyeweza kutembea, na ni kile kikapu cha abiria ubavuni mwa pikipiki, msikilizaji atajijua. Anayenifurahisha zaidi ni Mjapani. Kachukua maneno mawili ya Kiingereza, la mtoto na la gari, akayashona pamoja akapata bebika, neno ambalo Mwingereza mwenyewe ukimwambia hajui unasema nini.

Kadhaa wao wamepita kwenye kitendo: kusukuma, kukunja, kutembea. Nasi gari tumelichukua kwa Wahindi, lakini kwa vitenzi hatuna njaa.

Fundi Spoku

Babu kamaliza majina, ngoja nikunje mikono ya shati. Mimi ni wa baiskeli, ila vigari vinaletwa kwangu kila wiki, na ninavitambua kwa jinsi vinavyokunjika na kwa magurudumu. Jina silisomi.

Kuna cha mwamvuli. Huyu ana mzazi anayejulikana: Owen Maclaren, Mwingereza, mhandisi wa ndege aliyeshughulikia miguu ya kutua ya ndege ya kivita ya Spitfire. Alimwona binti yake akihangaika safarini na kigari kizito, akachukua mabomba ya alumini na akili ya magurudumu ya ndege yanavyokunjwa kuingia tumboni, na mwaka 1965 akaomba hataza ya kigari cha takriban kilo 3. Mabomba yake yanapishana kama herufi X. Kwa hiyo hakikunjiki kwa kulala tu, kinajibana na upana pia, mwishoni unabaki na fimbo nene yenye mipini miwili iliyopinda juu kama ya mwamvuli. Ndiyo maana ya jina.

Ubaya wake ni hiyo mipini miwili. Huwezi kusukuma kwa mkono mmoja, kinakwenda upande. Na magurudumu yake madogo kama vifuniko vya kopo. Kokoto moja inakisimamisha na mtoto anainama mbele kusalimia ardhi. Ukifika kwenye ukingo wa barabara geuka, kivute kinyumenyume. Hiyo nayo ni kukokota, Babu.

Kuna cha kukunjika katikati kama kitabu. Kizito zaidi, kipana, lakini mpini wake ni mmoja umepita kutoka huku mpaka kule, mkono mmoja unatosha.

Kuna fremu moja ya kubadilisha vichwa: unaweka beseni, unatoa, unaweka kiti, unatoa, unaweka kile kiti cha mtoto cha kwenye gari. Na kiti kinageuzwa mtoto akutazame au atazame mbele. Msidhani la kugeuza ni la juzi. William H. Richardson, Mmarekani mweusi wa Baltimore, alipewa hataza ya kikapu kinachogeuka tarehe 18 Juni 1889.

Magurudumu. Ya upepo yanapita kwenye mashimo bila mtoto kujua, ila yana pancha, na watu wanashangaa kigari kupata pancha kana kwamba tyubu inaogopa watoto. Ya povu gumu hayana pancha, yanarusharusha kidogo. Ya plastiki tupu yanafaa sakafuni tu, barabarani utasikia meno yanagongana, yako na ya mtoto.

Wengi wanaleta malalamiko ya gurudumu la mbele "kuumwa", linazunguka linakwama. Nalichomoa mbele yao. Tisa kati ya kumi, kwenye ekseli kuna nywele zimejisokota na uzi (si huu), mpaka zimekuwa kama pete. Nakata kwa wembe, navuta kwa koleo ndogo, natia tone la mafuta. Dakika tano. Mtu alikuwa anataka kununua kipya.

MamaPacha

Fundi umesahau breki.

Fundi Spoku

Sijasahau, nilikuwa napumua.

Breki ya kigari ni kikanyagio kati ya magurudumu ya nyuma. Ukikanyaga, pini inaingia kwenye meno ya gurudumu. Inaingia kwenye meno, siyo juu ya jino. Ikikaa juu ya jino unasikia mlio ule ule, unaondoa mkono, na kigari bado kiko huru. Kwa hiyo ukishakanyaga, kisukume kidogo mbele na nyuma mpaka kigome. Mwaka 2009 mjini Melbourne, Australia, kamera ya stesheni ilinasa kigari kikijiteremkia chenyewe kutoka jukwaani, kikaangukia relini treni ikiwa inaingia. Mtoto wa miezi 6 alikuwa ndani, na alipona. Majukwaa mengi yanateremka kidogo ili maji yasisimame, jicho halioni, gurudumu linaona.

Mkoba nao. Ukiutundika kwenye mpini wa kigari chepesi, mtoto mzito akiwa ndani huenda kisianguke, uzito unalingana. Mtoe mtoto: kigari kinaanguka chali na mkoba wako. Mtoto mwepesi kinaanguka naye.

La mwisho bawaba. Mtoto akiwa karibu usikunje wala kukunjua. Mwaka huo huo wa 2009 nchini Marekani kampuni moja iliwarudia wateja wa vigari vya mwamvuli takriban milioni 1 kuwapelekea vifuniko vya bawaba, baada ya watoto 12 kukatwa ncha za vidole. Kigari kinafunguka, wewe mikono yako iko juu kwenye mipini, macho yako juu, na kidole cha mtoto kiko chini pembeni ambako huangalii.

Mtafsiri wa Usiku

Fundi, "vifuniko vya bawaba" nimeiba, nitaihitaji nikifika ukurasa wa 22. Endeleeni.

Nesi wa Zamu

Nimesoma kimya kimya mpaka nilipofika kwenye ile sentensi ya miezi 6. Hiyo usiichezee hata kidogo kwenye tafsiri.

Mtoto mchanga shingo yake haijaweza kubeba kichwa. Kiti kikiwa wima, kichwa kinaanguka mbele, kidevu kinagusa kifua, na njia ya hewa inabanwa. Hapigi kelele, ndiyo hatari yake. Anaonekana kalala vizuri. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya cha vyombo hivi, EN 1888, kinataka kiti kisichofaa wachanga kiandikwe wazi kwamba hakifai kwa walio chini ya miezi 6. Mchanga analazwa chali, kwenye bapa.

Na kile kiti cha gari kinachopachikwa kwenye fremu, alichokitaja Fundi. Kinapendwa kwa sababu humwamshi mtoto ukimtoa kwenye gari. Sawa, kwa safari. Ila kisigeuzwe kitanda cha mchana. Mmefika, mhamishe, hata kama ataamka. Najua mnavyonitazama, mimi pia ni mzazi.

Jambo jingine naliona kila jua likiwaka: mzazi anafunika kigari chote kwa kitambaa, anasema anamkinga mtoto. Hewa inakwama ndani, joto linapanda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walilipima, matokeo yakatoka mwaka 2023: kitambaa kikavu kilizidisha joto ndani ya kigari, chenye unyevunyevu pamoja na kifeni kidogo kikalishusha kwa karibu nyuzi 5. Paa la kigari livute, pande ziache wazi, ingiza mkono umguse shingo kila mara.

Mwana wa Toroli

Nesi, na kutazama mbele au kutazama nyuma? Wangu nikimgeuza kunitazama analia kama namdai.

Nesi wa Zamu

Wako mkubwa, anataka dunia. Kwa wadogo kuna utafiti wa Suzanne Zeedyk wa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, uliotangazwa mwaka 2008. Wazazi waliotazamana na watoto wao walizungumza nao takriban mara mbili ya wale ambao watoto waliwapa kisogo. Si ajabu ukifikiri. Mtu akikupa kisogo mtaongea nini? Na wewe mwenyewe mkono ukiwa na simu, hapo ndiyo kimya kabisa. Mimi nilimgeuza wangu alipoanza kunyoosha shingo kuchungulia pembeni.

Mwana wa Toroli

Ameanza kuchungulia akiwa na miezi mitano. Mbea kama mama yake.

Mkimbiaji wa Alfajiri

Sijaona cha magurudumu matatu, na hapo ndipo watu wanapoumia kwa sababu ya jina.

Cha kukimbilia kilianza mwaka 1984. Phil Baechler, mwandishi wa habari wa Marekani na mkimbiaji, alipata mtoto wa kiume na hakutaka kuacha mazoezi, akafunga magurudumu ya baiskeli kwenye kigari. Akakiita Baby Jogger, na mpaka leo Wamarekani wengi vya aina hiyo wanaviita jogger, tusidhani ni mtu.

Sasa: matatu hayamaanishi cha kukimbilia. Vingi vina matatu kwa urembo au ili vikate kona. Cha kukimbilia kweli gurudumu la mbele linafungwa lisizunguke, kwa sababu ukiwa kwenye mwendo likiyumba na kukata upande, kigari kinapinduka kabla hujasema lo. Kina magurudumu makubwa ya upepo, springi, breki ya mkono kama ya baiskeli, na kamba unayojifunga kifundo cha mkono ili ukijikwaa kisiende bila wewe. Ile EN 1888 ya Nesi inavitaka vigari vya kawaida viandikwe kwamba havifai kwa kukimbia wala kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Tafuta hiyo sentensi kwenye kijitabu chako, Mtafsiri, lazima ipo.

Na hata kiwe cha kukimbilia, mtoto asubiri. Mtoto ambaye bado hajakaa mwenyewe vizuri hatikiswi hivyo. Mimi nilimuuliza daktari wetu kwanza, akasema tutembee tu. Tulitembea miezi minane. Nilinenepa, lakini mtoto mzima.

Mtafsiri wa Usiku

Ipo! Ukurasa wa 6, nami niliandika "hakifai kwa kukimbia wala kuskati". Aibu. Nabadilisha.

MamaPacha

Mimba ya pili wakaja wawili, kwa hiyo nina maoni.

Cha pacha kuna wanaokaa ubavu kwa ubavu na kuna wa mmoja mbele mmoja nyuma. Cha ubavu kwa ubavu wote wanaona, wote wanafurahi, mpaka mmoja aamke amkute mwenzake ana nywele za kuvuta. Na kabla hujanunua pima mlango wako. Usikadirie. Mimi nilikadiria. Nilifika mlangoni mvua imeanza, kigari kimeingia mpaka nusu kikakwama kama kizibo, wawili wanalia, mimi nje wao ndani. Ilibidi nizunguke mlango wa uani niwavute kutokea upande wa pili.

Cha mbele na nyuma kinapita popote kama kigari cha mmoja, ila ni kirefu, kukigeuza kwenye kona ni kama kugeuza lori, na wa nyuma anachokiona maisha yake yote ni mgongo wa kiti cha mwenzake. Wangu walipokezana. Anayepewa nyuma analia.

Kwa wanaopishana umri kuna kibao kinafungwa nyuma ya kigari cha kawaida, kina vigurudumu viwili, mkubwa anasimama pale ameshika fremu. Shida unasukuma umepanua miguu kama bata usimpige magoti.

Mwana wa Toroli

Na kile cha mviringo, mtoto anakaa katikati miguu inagusa chini, anazunguka nacho nyumba nzima? Hicho nacho si kigari cha mtoto?

Nesi wa Zamu

Hicho kitoe kabisa kwenye orodha. Hicho anakisukuma mtoto mwenyewe, na anakwenda kasi kuliko mzazi anavyoinuka kitini. Ngazi, jiko, waya wa pasi, anavifikia vyote. Kanada ilipiga marufuku kuuza, kutangaza na kuingiza nchini mwaka 2004. Na wanaonunua ili mtoto awahi kutembea wajue hakimwahishi. Kutembea kunafundishwa na sakafu.

Babu wa Kamusi

Turudi kwenye kazi ya kijana, amelala na njaa ya maneno.

Mimi nilikuwa na neno moja tamu: kitembezi. Chombo cha kutembeza. Linakaribiana na perambulator kabisa na halina deni la mtu.

MamaPacha

Babu, kitembezi mtu atadhani ni hicho cha mviringo alichokiuliza Mwana wa Toroli. Anasikia kutembea, anamwona mtoto anatembea.

Fundi Spoku

Na dukani ukisema kitembezi utaletewa fimbo ya mzee.

Babu wa Kamusi

Basi nimeshindwa kihalali. Lakini "strola" na "pramu" sizikatai, Kiswahili kimemeza baiskeli na treni hakikuvimbiwa. Shida ni moja tu, zinakuja na ugomvi wao. Ukiandika pramu, Mwaustralia aliyefundishwa Kiswahili anaelewa kitu kimoja na Mwingereza kingine, na msomaji wako ambaye si yeyote kati yao hajui mtoto alale au akae. Onyo la miezi 6 halitaki neno la namna hiyo.

Chukua swali la MamaPacha ulifanye jina. Kigari cha kulalia. Kigari cha kukalia. Mtu hahitaji kamusi, na kosa haliwezekani. Halafu ongeza vitendo vya Fundi na Mkimbiaji: kigari cha mwamvuli, kigari cha kukimbilia, kigari cha pacha. Na carrycot andika beseni la kubebea, au susu ukitaka kuniridhisha mimi, ingawa susu la wazee lilining'inia, halikubebwa.

Mwana wa Toroli

Na neno la jumla? Lile la jalada?

Babu wa Kamusi

Kigari cha mtoto. Lilikuwa sahihi tangu mwanzo, kosa lilikuwa kulifanyisha kazi za watu watano.

Mkimbiaji wa Alfajiri

Hiki cha kukalia ukikiegamisha mgongo mpaka bapa, si kinakuwa cha kulalia? Vipo vinavyolala kabisa.

Nesi wa Zamu

Kikiandikwa na mtengenezaji kwamba kinafaa tangu kuzaliwa, sawa, mlaze. Kisipoandikwa, usijipimie kwa macho. Mtafsiri, hapo andika "kiti kinacholala bapa", usikibadilishe jina, ni kiti bado.

Mtafsiri wa Usiku

Wakuu, nimekesha lakini nimekesha vizuri. Nimerudi mwanzo nikapitisha majina mapya kurasa zote tisa. Ile sentensi sasa inasomeka:

"Usimkalishe mtoto wa chini ya miezi 6 kwenye kigari cha kukalia. Mlaze chali kwenye kigari cha kulalia."

Nimemsomea mke wangu. Hakucheka. Ameinuka, ameenda kukitazama chetu, ameinamisha kichwa kusoma kibandiko cha chini ya kiti ambacho hatukuwahi kukisoma, kisha amemhamishia mtoto kitandani. Ana miezi minne.

Breki nayo nimeijaribu kama Fundi alivyosema. Ilikuwa imekaa juu ya jino.

Naendelea na ukurasa wa 10. Unaanza na mfuko mnene wenye zipu, unafungwa juu ya kiti, mtoto anaingizwa miguu mpaka kiunoni asisikie baridi. Jina lake kwa Kiingereza ni footmuff. Nimeandika "soksi ya kigari" na sijiamini.

Mwana wa Toroli

Soksi ya kitoroli.

MamaPacha

Fungua uzi mwingine kaka, tunakuja.